Nani aanze wiki hii? Historia ya kuchagua wapigaji wa besiboli



Kila Ijumaa jioni wengi wetu tunashika telefone na kupanga kumi na moja wetu wa Fantasy Premier League. Huyu aanze, yule akae kwenye benchi. Mchezo ule ulianza mwaka wa 2002, na leo una wachezaji zaidi ya milioni kumi duniani. Lakini babu yake si mpira wa miguu. Babu yake ni besiboli ya Marekani, na swali linalotusumbua Ijumaa liliumiza watu vichwa kule mbele sana ya kuja kwa telefone: ukiwa na wapigaji wengi kuliko nafasi, unaweka nani?

Leo tufuate historia ya swali hilo. Kwa kuliangalia haraka ni mambo ya mchezo tu. Kumbe ndani yake kuna jambo linalotugusa sisi wenye diploma: namna ya kumpima mtu kwa namba bila kumdhulumu, na bila kujidanganya wenyewe.

1. Kwanza mchezo wenyewe

Kwa wale hawajauona: mrushaji anatupa mpira kwa nguvu, mpigaji anasimama na gongo mkononi akijaribu kuupiga. Akiupiga vizuri, anakimbilia kituo cha kwanza, halafu cha pili, cha tatu, na akirudi pale alipoanzia timu inapata pointi. Akiupiga ukatoka nje ya uwanja, anazunguka vituo vyote polepole na hakuna wa kumzuia. Wapigaji ni tisa, wanapiga kwa zamu, kwa mpangilio ule ule toka mwanzo mpaka mwisho. Na kila timu ya ligi kuu inacheza mechi 162 kwa msimu, karibu kila siku. Ndiyo sababu besiboli imejaa namba kuliko michezo mingine mingi.

2. Namba ya kwanza, na kosa lake

Mwandishi wa habari Henry Chadwick alizaliwa Uingereza mwaka wa 1824, akahamia Marekani akiwa bado kijana. Alijua kriketi, na kriketi ilikuwa na desturi ya kuandika hesabu. Akaileta desturi hiyo katika magazeti ya New York: jedwali dogo linaloonyesha kila mchezaji alifanya nini siku ile. Akasaidia pia kueneza wastani wa kupiga: mtu akifaulu mara 3 kwa 10, wastani wake ni .300, naye anaitwa mpigaji mzuri sana.

Namba safi, rahisi. Lakini ilificha kitu. Kwa sheria ya leo, mrushaji akitupa mipira mibaya minne na mpigaji akaiacha, mpigaji anapewa kituo cha kwanza bure. Chadwick aliona kwamba hilo ni kosa la mrushaji, mpigaji hana sifa yoyote pale. Kwa hiyo mtu mwenye macho makali na uvumilivu, anayejua mpira gani wa kuacha, hakuonekana katika wastani. Mwaka wa 1887 walijaribu kuhesabu njia hizo za bure kama mapigo. Wastani za watu zikapanda ajabu, na mwaka uliofuata wakaacha. Basi kwa miaka mingi watu wakachagua wapigaji kwa namba iliyofumba jicho moja.

3. Makocha wenye daftari

Makocha wengine waligundua mapema kwamba "mzuri" peke yake haitoshi; lazima uulize mzuri mbele ya nani. Kwa kawaida mpigaji wa mkono wa kushoto anapata shida mbele ya mrushaji wa mkono wa kushoto, juu mpira unaopinda unamkimbia, naye anauona kwa kuchelewa. Na wa kulia kwa wa kulia ni vilevile.

Mwaka wa 1914 George Stallings alikuwa kocha wa Boston Braves. Tarehe 4 Julai timu yake ilikuwa ya mwisho kabisa. Alikuwa akibadilisha wachezaji wake wa nyuma kufuatana na mkono wa mrushaji wa siku ile. Timu ikapanda, ikachukua ligi, ikashinda fainali kwa mechi 4 kwa 0. Hatuwezi kusema ni sababu ya ujanja huo tu, lakini makocha wengine waliona na kuiga.

Mwaka wa 1947 Branch Rickey wa Brooklyn Dodgers alimwajiri Allan Roth, mtu wa Montreal, kazi yake kuandika hesabu tu. Roth alifuatilia kila mpigaji: mbele ya warushaji wa kushoto, mbele ya wa kulia, katika uwanja gani, katika hali gani. Mwaka wa 1954 Rickey akaandika katika gazeti la Life kwamba tuhesabu mara ngapi mtu anafika kituoni kwa njia yoyote, hata ile ya bure. Wengi hawakusikia.

Halafu akaja Earl Weaver wa Baltimore, mzee mkali mwenye vikaratasi vya hesabu. Mwaka wa 1982 nafasi moja ya uwanja wa kushoto aliigawa kati ya watu wawili: John Lowenstein anayepiga kwa kushoto, na Gary Roenicke anayepiga kwa kulia. Lowenstein alitoa mpira nje ya uwanja mara 24, Roenicke mara 21. Jumla 45. Wala mmoja wao hakuwa nyota mkubwa. Pamoja walikuwa sawa na nyota.

4. Maprofesa na mkahawa

Sasa mchezo wa timu za kubuni ulitoka wapi? Ndugu wasomi, ulitoka chuo kikuu! Mwaka wa 1960 mwanasosholojia William Gamson, akiwa Harvard, alianzisha na wenzake mchezo ambamo kila mtu "ananunua" wachezaji wa kweli, halafu anashinda au kushindwa kufuatana na namba zao za msimu. Wakauita Semina ya Besiboli. Gamson alipohamia chuo kikuu cha Michigan aliubeba. Profesa Robert Sklar akaucheza kule, na mwanafunzi wake Daniel Okrent akasikia habari zake.

Mwishoni mwa mwaka wa 1979, Okrent akiwa safarini kwenda Texas, aliandika sheria mpya. Alizipeleka kwa rafiki zake katika mkahawa mmoja wa Manhattan, La Rotisserie Française. Mkahawa ulikufa zamani. Jina lake likabaki kwa ligi yao, iliyoanza kucheza mwaka wa 1980. Katika sheria zilizoenea baadaye, kila mtu ana dola 260 za mnada kwa wachezaji 23. Hauwezi kununua nyota wote. Lazima uchague, na uishi na uchaguzi wako.

Wengi katika kundi lile walikuwa waandishi na watu wa vitabu, kwa hiyo habari ikaenea haraka. Mwaka wa 1981 wachezaji wa ligi kuu waligoma katikati ya msimu. Waandishi wa michezo wakakosa mechi za kuandika, na wengine wakaandika juu ya mchezo huu mpya. Mwaka wa 1984 sheria zikatoka katika kitabu. Okrent mwenyewe hakutajirika nao. Vizazi vilivyofuata vilifanya biashara kubwa, na mwaka wa 2007 mahakama ya rufaa ya Marekani ikaamua kwamba majina na namba za wachezaji ni habari za watu wote. Kampuni zinaweza kuzitumia katika michezo hii bila kuomba ruhusa ya ligi.

5. Kwa nini wiki?

Wengine watauliza: kama mechi ni kila siku, juu ya nini watu wanapanga timu mara moja kwa wiki? Jibu liko katika karatasi. Siku zile hakukuwa intaneti. Mtu alingoja gazeti la The Sporting News, lililotoka kila wiki, au baada ya 1982 gazeti la USA Today, lililochapa jedwali nyingi. Halafu anakaa na kalamu na kujumlisha, mchezaji kwa mchezaji. Kazi hiyo hauwezi kuifanya kila usiku. Basi mwendo wa gazeti ukawa mwendo wa mchezo. Kompyuta zilipokuja wengine wakahamia kila siku, lakini ligi nyingi zimebaki na wiki: Jumatatu orodha inafungwa, na mtu uliyemwacha benchi hata akifanya maajabu Jumanne, hayakuhusu tena.

Ndiyo pale swali la Weaver likawa swali la kila mtu. Na jibu la kwanza halihusu kipaji hata kidogo. Ni kuhesabu zamu. Wiki moja timu fulani ina mechi 7, nyingine ina 5. Mpigaji wa kwanza katika mpangilio anapata karibu zamu 4.6 kwa mechi. Wa nane anapata karibu 3.8. Fanya hesabu: wa kwanza mwenye mechi 7 atapata takriban zamu 32, wa nane mwenye mechi 5 atapata 19. Mtu wa kawaida mwenye zamu 32 anaweza kumwacha nyuma mtu mwenye jina. Nafasi ni nusu ya kipaji, kama si zaidi.

6. Hewa ya Denver

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwaka wa 1995. Mwaka ule timu ya Colorado Rockies ilifungua uwanja wake mpya, Coors Field, mjini Denver. Denver iko karibu mita 1,600 juu ya bahari, urefu unaokaribia ule wa Bukavu. Kule juu hewa ni nyepesi: mpira uliopigwa unaenda mbali zaidi, na mpira wa mrushaji haupindi vizuri. Ni shida mara mbili kwa mrushaji.

Dante Bichette wa Rockies alitoa mpira nje ya uwanja mara 40 msimu ule. Katika kura ya mchezaji bora wa ligi alikuwa wa pili. Lakini fungua zile 40 uone ndani: 31 alizipiga Denver, 9 tu alizipiga katika viwanja vya wengine. Mwizi? Hapana. Alipiga kweli, kwa mikono yake. Lakini mlima ulimsaidia, na jumla ya 40 haikusema neno juu ya mlima.

Mtu aliyefundisha wengi kusoma hivyo hakuwa profesa. Bill James alikuwa mlinzi wa usiku katika kiwanda cha chakula cha makopo huko Kansas. Usiku, kazi ikitulia, aliandika hesabu, na mwaka wa 1977 akajichapishia kitabu chake cha kwanza. Alionyesha namna uwanja unavyobadilisha namba, na akatetea wale wapigaji wavumilivu ambao Chadwick aliwasahau. Mwaka wa 2002 timu ya Oakland, yenye mfuko mdogo, ilijaa wachezaji wa namna hiyo waliopatikana kwa bei ndogo. Ikashinda mechi 103, na 20 kati yake zilifuatana bila kushindwa. Mwaka huo huo Denver wakaanza kuhifadhi mipira katika chumba chenye unyevu ili isiruke sana. Hata mlima ulianza kuhesabiwa.

7. Na sisi?

Kwa hiyo mwenye kupanga timu yake Jumatatu anarithi maswali ya zaidi ya miaka mia: atapata zamu ngapi? Mbele ya warushaji wa mkono gani? Uwanja gani? Na namba ninayoiangalia inaficha nini? Baada ya maswali hayo yote anaweza bado kushindwa, juu wiki moja ni fupi na hata mpigaji mzuri sana anakosa mara 7 kwa 10. Mwenye akili hapimi uchaguzi wake kwa matokeo ya wiki moja. Anapima sababu zake.

Sasa tugeuze kioo. Hapa kwetu kijana anabeba asilimia ya diploma yake kama Bichette alivyobeba zile 40. Mmoja ana 70, alisoma penye umeme, vitabu na walimu waliolipwa. Mwingine ana 58, alisoma kwa taa ya telefone, akakimbia vita katikati ya mwaka, akarudi na kumaliza. Mkubwa wa kazi anaangalia namba mbili, anachagua ile kubwa, anafunga faili. Hajauliza uwanja. Hajauliza zamu. Tena kuna wale hawakupata zamu hata moja, na tunawaita wavivu.

Simaanishi tutupe namba. Roth na James hawakutupa namba; waliongeza maswali. Anayetupa namba kabisa atachagua mtoto wa shangazi yake, na ugonjwa huo tunaujua vizuri. Kazi yetu sisi wasomi ni ile ya Roth: kufungua jumla na kuonyesha kilicho ndani.

Siku moja wengine wetu watakaa kwenye kiti cha kuchagua. Siku ile, mbele ya kusema huyu aanze na yule akae benchi, tukumbuke hewa ya Denver.

Na wewe ndugu: ni namba gani imewahi kukuficha? Andika hapa chini, tujadiliane.