Ushahidi: raia alipogeuka mwandishi wa habari

Leo tuongee historia kidogo, lakini msiende mbali, programu imo ndani yake.

Tarehe 30 Desemba 2007 Mwai Kibaki alitangazwa mshindi wa urais na kuapishwa jioni hiyo hiyo. Serikali nayo ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya redio na televisheni. Ghasia zikasambaa, Tume ya Waki baadaye ilihesabu watu 1,133 waliouawa. Wakati watu walihitaji kujua njia gani ni salama na jamaa gani wako hai, habari zikakauka.

Ory Okolloh, mwanasheria aliyekuwa na blogu ya Kenyan Pundit, akaanza kuchapisha habari alizotumiwa na wasomaji. Mapema Januari 2008 aliuliza kama kuna wataalamu wa kompyuta wanaoweza kuonyesha ghasia hizo kwenye ramani. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakaitika, na katika siku chache tu Ushahidi ikawa hewani. Ulituma SMS kwa simu ya kawaida au ukajaza fomu kwenye tovuti. Mwaka wa 2010 programu hiyo hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Watu husifu ramani. Mimi, kama mtengenezaji wa programu, nasifu kitu kidogo zaidi: kila ripoti ilikuwa na alama ya kuonyesha kama imethibitishwa au bado. Kulikuwa na binadamu katikati, anayelinganisha ripoti na vyanzo vingine. Katika nchi ambayo uvumi ulikuwa unachoma nyumba, alama hiyo ilikuwa na uzito kuliko rangi zote za ramani.

Sasa rukeni hadi 25 Juni 2025. Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza vituo viache kuonyesha maandamano moja kwa moja, na mawimbi ya NTV na KTN yakazimwa kabla Mahakama Kuu haijasimamisha agizo hilo. Safari hii giza halikuingia. Simu za vijana ziliendelea kurusha picha, na marufuku iliyofaulu 2007 ikawa kama kuziba mto kwa kiganja.

Lakini tulipopata kasi tulimpoteza yule mtu wa katikati. Video ya mwaka juzi ikifika kwenye kikundi cha WhatsApp hapa sokoni, inafika ikiwa sawa kabisa na ya leo asubuhi: hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna alama. Anayeiamini anaweza kufunga duka bure, au kumchukia jirani bure.

Kwa hivyo wanaprogramu wenzangu, mkitengeneza chochote cha kupokea habari za raia, anzeni na ile alama. Ramani mtaichora baadaye.

Karibuni tujadiliane.