Bustani za Akina Mama wa Karatu na Ngorongoro: Jembe Letu Lilikotoka



Katika kijitabu hiki wenzetu wengine wameandika habari za hisa, za sanduku na kufuli zake tatu, na za mfuko wa jamii. Sisi tulipangiwa bustani. Wapo waliocheka, wakasema, ah, mchicha nao una historia? Tukawajibu: fungueni daftari la mikopo. Tangu mwaka 2015 tulipoanza, mikopo mingi midogo ilichukuliwa kwa ajili ya mbegu, miche, mpira wa kumwagilia na simtanki. Kitu kilichokula fedha zetu na kuzirudisha kwa miaka kumi kinastahili kuandikwa. Tena historia yake ni ndefu kuliko ya kikundi chetu, na sehemu yake nyingine haichekeshi.

KABLA YETU

Tuanze mbali kidogo. Chini ya ukingo wa Bonde la Ufa, kaskazini ya Ziwa Manyara, ipo Engaruka. Huko, kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, waliishi watu waliojenga mifereji na matuta ya mawe, wakateka maji ya mito inayoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro, wakamwagilia eneo la karibu hekta 2,000. Walilima hasa mtama. Baadaye waliondoka, lakini mawe yao yapo mpaka leo. Huwa tunapenda kuwakumbusha vijana wanaosema eti umwagiliaji uliletwa na miradi.

Upande wa Mbulu, Wairaqw wa Kainam, nchi wanayoiita Irqwar Da'aw, walijifunza kubana ardhi finyu ya milimani. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba, na samadi ikatoka kwenda shambani. Mteremko ulitengenezewa matuta ili udongo usikimbie. Maboga, maharage na mboga za majani vilikaa karibu na mlango, mahali penye samadi nyingi na macho ya mama. Ukitaka kujua bustani ya nyumbani katika wilaya yetu ilianzia wapi, ni pale, kati ya mlango na jaa.

Katika karne ya 20 watu waliongezeka, wakaanza kusogea kaskazini, Karatu, Rhotia, Mbulumbulu na Oldeani, katika nchi ambayo Wamasai walikuwa wakichungia. Serikali ya Waingereza nayo ilihimiza kufyeka vichaka ili kufukuza mbung'o. Wakati huohuo walikuja walowezi. Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika mwaka 1925, na wengi wao wakafungua mashamba ya kahawa kwenye miteremko ya Oldeani. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 walikamatwa na mashamba yakachukuliwa. Moja la mashamba hayo ya kahawa, lililoanzishwa mwaka 1929 karibu na mji wa Karatu, lilishikwa mwaka 1948 na Mwingereza James Gibb, na mwaka 1972 likafunguliwa kuwa pia nyumba ya wageni. Bustani yake ya mboga inajulikana hadi ng'ambo.

Bibi zetu waliochuma kahawa kama vibarua kwenye mashamba ya namna hiyo ndiko walikoona kabichi, karoti, bitiruti na njegere kwa mara ya kwanza. Wao wenyewe walitusimulia kwamba mbegu zilisafiri kwenye fundo la kanga. Hatusemi ziliibwa. Tunasema zilisafiri.

UHURU NA VIJIJI

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ulianzishwa mpango wa kijiji wa Upper Kitete, wa kulima ngano kwa pamoja. Likaja Azimio la Arusha mwaka 1967, ikaja Siasa ni Kilimo mwaka 1972. Ngano na mahindi vilizungumzwa sana kwenye mikutano. Mboga hazikuzungumzwa, kwa kuwa zilionekana ni mambo ya jikoni.

Ila tuwe wakweli, redio ilisaidia. Mwaka 1973 ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo karibu watu wazima milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi wakisikiliza redio na kujadiliana. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Hapo ndipo mama alisikia kwa sauti ya serikali kwamba ugali peke yake haumtoshi mtoto, kwamba majani ya maboga, mchicha na papai ni chakula cha heshima. Akina mama walikuwa wanalijua jambo hilo, lakini sasa hata mwenye nyumba alilisikia.

Katika miaka hiyohiyo ilipita Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa wakakae pamoja, nyumba zikapangwa kwa mistari. Tunaambiwa mengi juu ya shule na zahanati zilizopatikana, na ni kweli zilipatikana. Lakini fikiria kuhama kwa macho ya mwenye bustani. Samadi ya miaka yote imebaki kwenye boma la zamani. Mpera umebaki, mlimau umebaki. Unafika kwenye kiwanja kipya, udongo mtupu, unaanza na mbegu ulizofunga kwenye kitambaa. Na ilikuwa karibu na ukame wa 1973 na 1974. Mbegu unaweza kuzibeba ukihama, lakini mti hauhamishiki. Neno hilo tutalirudia mbele.

Miaka ya 1990 ilileta mambo mapya. Mwaka 1992 kituo cha utafiti wa mboga cha AVRDC, chenye makao yake makuu Taiwan, kilifungua tawi lake la Afrika Arusha, na mwaka 1997 zikatoka nyanya za Tanya na Tengeru 97 ambazo wengi wetu tulikua nazo. Mwaka huohuo wa 1997 Karatu ikawa wilaya, ikajitenga na Mbulu. Kisha ikanyesha mvua ya Elnino, 1997 kuingia 1998. Yapo makorongo Rhotia yaliyopanuka kwa mvua ile ambayo watoto wetu wanadhani yalikuwepo tangu kuumbwa kwa dunia.

NG'AMBO YA GETI

Sasa tufike mahali ambapo watu wengi hunyamaza. Kikundi chetu kina wanachama wenye ndugu, mashemeji na wakwe ng'ambo ya geti la Loduare, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Kuandika historia ya bustani ya Karatu na kuwaacha wao ni kuandika nusu.

Serengeti ilipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, kreta ya Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Mwaka 1954 kulima ndani ya hifadhi kukapigwa marufuku. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikubali kutoka Serengeti, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo la pekee, ambamo wafugaji na wanyamapori wakae pamoja. Watu wakati ule walikadiriwa kuwa 8,000 hivi. Kulima kidogo kukaruhusiwa tena, mpaka sheria ya mwaka 1975 ilipokataza kabisa. Mwaka 1992 Waziri Mkuu John Malecela alilegeza, yakaruhusiwa mashamba madogo ya jembe la mkono kwa ajili ya chakula. Mwaka 2009 marufuku ikarudi.

Ukisoma haraka unaona miaka tu. Lakini hesabu maisha ya mwanamke mmoja. Aliyezaliwa 1960 alimwona mama yake akilima, akaolewa wakati kulima ni kosa, akalea watoto bila bustani, akashika jembe akiwa na miaka 32, akalitupa akiwa na 49. Kati ya 1992 na 2009 Endulen, Nainokanoka na kwingineko palikuwa na mahindi, maharage, viazi na mboga, na kazi kubwa ya shamba ilikuwa mikononi mwa akina mama. Ng'ombe walikuwa wamepungua, maziwa hayatoshi, na shamba dogo lilimwezesha mtu asiuze mbuzi kila anapotaka debe la mahindi.

Tunajua hoja ya upande wa pili, nasi hatuidharau. Idadi ya watu imeongezeka mara nyingi tangu 1959. Msitu wa nyanda za juu za kaskazini ndio unaotupa maji sisi wa Karatu. Ukilimwa huo, visima na chemchemi zetu zitakauka, na bustani zetu tunazojivunia zitakuwa vumbi. Ndiyo maana tunasema jambo hili si la mwenye haki mmoja. Lakini mchicha wa hatua kumi kwa tano nyuma ya nyumba si shamba la trekta, na sheria iliviweka vyote kwenye kapu moja. Hapo ndipo tunapoona makosa.

Tangu mwaka 2022 baadhi ya familia zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, mkoani Tanga, ambako wanalima. Wengine wamebaki. Mboga wanazokula waliobaki zinatoka kwetu, zikipanda na gari kila siku ya mnada. Sisi tunapata fedha kwa sababu jirani yetu haruhusiwi kupanda alichokula mama yake. Tuliliongea jambo hili kikaoni, halikuisha, na hatutajifanya liliisha.

MTI NI WA NANI

Tulisema mti hauhamishiki. Kwa sababu hiyohiyo mti huleta maneno. Mama akipanda sukuma wiki kwenye kiwanja cha mumewe hakuna anayeuliza. Akipanda maparachichi sita, shemeji atauliza. Mti unakaa miaka hamsini, na mwenye mti huanza kuonekana ni mwenye ardhi. Tumeona wajane waliobakiziwa vitalu vya mboga wakanyimwa miti waliyoimwagilia wenyewe.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika mwaka 2001, zinasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Ndiyo, zipo. Lakini karatasi haijui ulipo mpaka wako mpaka uipeleke ofisi ya kijiji. Ndiyo maana tangu mwaka wa tatu kikundi kilikubali mkopo wa kulipia hati ya kimila kwa masharti yaleyale ya mkopo wa mbegu. Wapo waliosema kikundi kinaingilia nyumba za watu. Tukaendelea.

Na kwa faida ya wageni: parachichi la kokwa hukaa miaka mitano, sita, hata zaidi, kabla ya kuzaa. Mche uliobebeshwa unaweza kuanza kwenye mwaka wa tatu. Mama mwenye wasiwasi na kiwanja chake hanunui mche wa miaka sita. Anapanda papai au pasheni, vinavyozaa upesi. Kwa hiyo ukipita ukaona nyumba ina mapapai tu, usidhani mwenyewe hajui kilimo.

MWAKA WA BUSTANI

Kwetu bustani hufuata baridi kama inavyofuata mvua. Septemba na Oktoba, upepo na vumbi, ndio wakati wa kugeuza mboji na kuchimba mashimo ya miti ili yapigwe na jua. Vuli ikishuka Novemba tunapanda mchicha, kunde, maboga na giligilani. Januari na Februari ni kiangazi kifupi. Masika ya Machi hadi Mei miche ya matunda inaingia ardhini, nyanya zinapata bakajani, na mnafu unaota wenyewe mpaka sokoni hauna bei. Hapo ndipo mwenye akili anakausha majani ya kunde kivulini ayale Septemba.

Juni hadi Agosti ni ukungu na baridi. Papai linanuna. Loshuu, kabichi, karoti na njegere zinachangamka. Maji ya kuoshea vyombo yanapitishwa kwenye majivu na mchanga, yanaenda kwenye magunia ya sukuma wiki. Rozimari na mchaichai tunapanda ukingoni mwa matuta, vinazuia udongo na vinauzika hotelini. Wadudu tunawapulizia utupa uliotwangwa, au pilipili na sabuni.

Kwa kantangaze dawa hizo hazikufua dafu. Kidudu hicho cha nyanya kilijulikana nchini mwaka 2014, na kwa kweli aliyekipa jina la kwenda kututangaza alikuwa na utani mbaya. Kilipofika kwetu wengi waliacha nyanya kwa misimu miwili.

Mwaka 2017 India iliweka kikomo cha kuagiza mbaazi kutoka nje, bei ikaanguka, na wanaume wengi waliokuwa wakitegemea magunia ya mbaazi waliangalia kwa mara ya kwanza ni nani analipa karo. Mwaka 2020, wakati wa korona, watalii hawakuja na hoteli zikafungwa. Rozimari na letusi havikuwa na mnunuzi. Waliokuwa wamepanda vya kula walikula. Waliopanda vya wazungu peke yake walikuja kwenye mfuko wa jamii, nao mfuko ukawapokea bila maneno.

Baada ya hapo tulipitisha kanuni ambayo ipo kwenye daftari mpaka leo: mkopo wa bustani hutolewa kwa anayeonyesha tuta moja la mboga za nyumbani kabla ya matuta ya kuuza. Wakaguzi ni wanachama wawili, nao hupita bila kutoa taarifa.

Mbegu za loshuu, mnafu na kunde za mwaka huu zimeshapepetwa, zipo kwa mtunza sanduku. Za Endulen zimefungwa peke yake, kwenye chupa yenye kitambaa chekundu, zikingoja.