Herufi Chini ya Hela

Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani iliigawa rupia ya Afrika Mashariki katika hela 100, mahali pa pesa 64 zilizozoeleka. Hela hizo za shaba zilibeba herufi moja ndogo upande wa thamani, chini kabisa: A kwa zilizochapwa Berlin, J kwa zilizochapwa Hamburg. Zote zilivuka bahari.

Mwaka uliofuata reli ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam. Ilipanda vilima vya Pugu, mlango wa Kisarawe, ikapita Soga na Ruvu zilizo Kibaha ya leo, na mwaka 1907 ikafika Morogoro. Kodi ya nyumba ilikuwa imekwisha kuingia vijijini kabla yake. Katika mashamba ya pamba ya Uzaramo, yaliyolimwa kwa amri tangu 1902, malipo yalikuwa duni hata wapo waliokataa kuyapokea. Na mwaka huo huo wa 1905 moto wa Maji Maji ukaingia Uzaramo. Anayedaiwa kodi, bila shaka, haulizi sarafu yake imechapwa wapi.

Kisha ikaja vita kuu, na manowari za Waingereza zikaifunga bahari. Mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Hela 20 zilichapwa humo kwa shaba nyekundu na ya manjano, nyingine kwa maganda ya risasi za mizinga. Herufi T ikakaa chini ya thamani, kwenye kiti cha A na J. Lakini mkono uliokata chapa haukuwa mmoja. Taji ni kubwa hapa, dogo pale. Ncha za herufi L zimejikunja au zimechongoka. Ni kama kina kilichotunzwa na wanakili wawili wenye miandiko mbalimbali.

Katika rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, T imewekwa chini ya tembo. Upande wa tai, pambo la kulia huishia chini ya T ya neno OSTAFRIKA katika baadhi ya sarafu, na chini ya A ya kwanza katika nyingine.

Tarehe 4 Septemba 1916 Waingereza waliingia Dar es Salaam. Tarehe 19 Wabelgiji wakaingia Tabora. Reli ilikuwa imekatwa madaraja. Yamkini T chache mno ziliteremka hadi Ruvu.

Shilingi ikashika zamu mwaka 1921. Pale Maili Moja, Kibaha, abiria wa daladala angali anadaiwa hela.