Sepsisi: Seli za kinga zinawaambia nini madaktari, na wewe ufanye nini

Mtoto wako ana homa tangu jana. Leo hataki kunyonya na anapumua haraka. Inaweza kuwa malaria, lakini inaweza pia kuwa sepsisi. Soma makala haya ujue tofauti inatafutwaje, na ni wakati gani hupaswi kusubiri.

Sepsisi ni nini?

Bakteria wanaweza kuingia mwilini kupitia kidonda, mapafu, njia ya mkojo au kitovu cha mtoto mchanga. Kinga ya mwili hupambana nao. Wakati mwingine mapambano hayo hupita kiasi na kuanza kuharibu figo, mapafu, moyo na ubongo. Hiyo ndiyo sepsisi. Kwa makadirio yanayonukuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2017 watu milioni 48.9 waliugua sepsisi na milioni 11 walifariki. Karibu milioni 20 ya wagonjwa hao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Seli za kinga zinaonyesha nini?

Kuotesha bakteria kutoka kwenye damu huchukua siku kadhaa. Njia nyingine ni kuangalia alama zilizo juu ya chembe nyeupe za damu. Huenda umesikia kuhusu CD4, inayopimwa kwa watu wanaoishi na VVU. Hizi ni alama za aina hiyo:

- CD64 kwenye nyutrofili: Kwa mtu mwenye afya huwa kidogo. Bakteria wakishambulia, huongezeka ndani ya saa chache. Humsaidia daktari kugundua maambukizi ya bakteria, ingawa haitoshi peke yake.
- HLA-DR kwenye monosaiti: Ikishuka na kubaki chini kwa siku kadhaa, kinga imedhoofika. Mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupata maambukizi mengine au kufariki. Ikianza kupanda, ni ishara nzuri.

Je, utavipata kwenye kituo chako cha afya?

Kwa kawaida hapana. Vipimo hivi vinahitaji mashine ya gharama kubwa na hufanyika zaidi katika hospitali kubwa na vituo vya utafiti. Usidhani umepuuzwa usipopimwa. Muuguzi hutumia dalili, joto la mwili, kasi ya kupumua na vipimo vya kawaida vya damu, na matibabu yanaweza kuanza bila kusubiri majibu ya maabara.

Nenda kituoni mara moja ukiona:

- Mtoto mchanga hanyonyi, amelegea, ana degedege, au mwili una joto kali au ubaridi usio wa kawaida
- Kupumua haraka au kwa shida
- Kuchanganyikiwa au usingizi usio wa kawaida
- Mkojo kidogo sana
- Homa baada ya kujifungua, au kidonda kinachotoa usaha pamoja na homa

Kumbuka

Kupatikana na malaria hakumaanishi kwamba hakuna bakteria. Hali ikizidi kuwa mbaya baada ya kuanza dawa, rudi kituoni. Usitumie antibiotiki zilizobaki nyumbani au za jirani. Ikiwa ni usiku, mwamshe mhudumu wa afya ya jamii au kiongozi wa eneo lako akusaidie kupata usafiri.

Ukifika, una haki ya kuuliza: "Je, hii inaweza kuwa sepsisi?"