Kodi ya chumba nje ya bewa: Mwanafunzi na hatima ya amana yake

Vyuo vikuu vya umma nchini Kenya haviwezi kuwalaza wanafunzi wote wanaosajiliwa. Uhaba huo ulizidi baada ya Chuo Kikuu cha Nairobi kuanzisha mpango wa wanafunzi wa kujilipia karo mnamo 1998, na vyuo vingine kuufuata. Baadaye, katika mwongo wa 2010, serikali ilianza kuwapa nafasi za shahada watahiniwa wote wa KCSE waliopata gredi ya C+ na zaidi. Madarasa yalijaa, mabweni yakabaki nyuma.

Pengo hilo limezibwa na wenye ploti. Gachororo mjini Juja, Kahawa Wendani karibu na Chuo Kikuu cha Kenyatta, Njokerio kando ya Egerton, Ndagani karibu na Chuo Kikuu cha Chuka na Lurambi mjini Kakamega ni vitongoji ambavyo uchumi wake hutegemea kalenda ya masomo. Humo hupatikana chumba kimoja chenye choo cha pamoja nje, bedsita yenye choo na jiko ndani, na hosteli za kibinafsi ambazo hutoza kodi kwa muhula badala ya mwezi.

Anayetafuta chumba hukutana kwanza na wakala. Wapo waaminifu, wapo pia wanaopachika picha za nyumba nzuri mtandaoni, kudai ada ya kuonyesha chumba au amana kwa M-Pesa, kisha kuzima simu. Njia salama ni kufika penyewe, kuzungumza na mtunzaji wa ploti, na kuwauliza wapangaji waliomo kuhusu maji, usalama wa njia wakati wa usiku na iwapo kila chumba kina mita yake ya umeme. Ploti yenye mita moja huzua ugomvi kila mwezi. Inafaa ziara hiyo ifanywe jioni, kwa kuwa kijia kinachopendeza saa sita mchana huenda kikawa maficho ya wanaopora vipakatalishi saa mbili usiku.

Hata hivyo, hasara kubwa zaidi kwa kawaida haitokani na wezi bali na amana. Mwenye nyumba hudai kodi ya mwezi wa kwanza pamoja na amana, aghalabu inayolingana na kodi ya mwezi mmoja. Mwanafunzi anapohama, hiyo amana humezwa na gharama ya rangi, kufuli au kioo ambacho pengine alikikuta kimevunjika. Dawa yake ni nyepesi, ingawa wachache huitumia: kupiga picha za kila ukuta, bomba na dirisha kabla ya kuingiza godoro, kumtumia mwenye nyumba picha hizo siku hiyo hiyo, na kuhakikisha mkataba unataja kiasi cha amana na masharti ya kuirejesha.

Jambo jingine ni kalenda. Kodi hudaiwa kila mwezi, ilhali fedha za matumizi kutoka Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu (HELB) huja kwa muhula, na mara nyingi huchelewa. Likizo ndefu nayo ina kodi yake: baadhi ya wenye nyumba hukubali nusu, wengine hutaka yote. Hayo huafikiwa kabla ya kuingia. Mwezi wa Mei huwa muda umekwisha. Wanaoshiriki chumba wakumbuke kwamba ikiwa mkataba una jina la mmoja pekee, mwenzake akihama deni lote humwangukia yeye.

Sheria inasemaje? Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, hulinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho bedsita nyingi zimekipita zamani. Hata hivyo, aliye juu ya kiwango hicho hajaachwa uchi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, pale ambapo mkataba hautaji muda wala ilani, anayelipa kwa mwezi hustahili ilani isiyopungua mwezi mmoja, naye pia anapaswa kuitoa anapotaka kuhama. Kunadi mali ya mpangaji kwa malimbikizo ya kodi ni kazi ya dalali mwenye leseni. Mtunzaji wa ploti hana mamlaka ya kubeba televisheni ya mtu.

Amana ikikataliwa, mwanafunzi anaweza kumwandikia mwenye nyumba barua ya madai, kisha kuelekea Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kazi 2021. Husikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, hutakiwa kuamua katika siku 60, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili. Anachohitaji kubeba ni mkataba, ujumbe wa M-Pesa wa malipo, ilani aliyotoa na zile picha za siku ya kwanza.