"Munauzisha nini?": historia fupi ya safari za kinga

Wengi mliona zile picha za siku ya posho, sisi saba wa promosheni moja tukiwa juu ya kinga kwenye barabara ya Likasi. Wengine mlicheka tumbo langu, wengine mliuliza kama tumekosa pesa ya transpori. Lakini swali lililonibakia kichwani si lenu. Ni la mama mmoja pale Luisha, mwenye kuuzisha ndizi kando ya barabara. Alituangalia, akaangalia nyuma ya kinga zetu, akaona hakuna muzigo hata mumoja. "Sasa baba, munauzisha nini?" Tukamwambia hatuuzishi kitu, tunatembea tu, tunafika Likasi, kiisha tunarudia. Akanyamaza kidogo. "Basi muko na nguvu ya kutupa."

Tulicheka, tukanunua ndizi. Lakini mimi nilisoma historia, na swali kama lile haliniachi nilale.

Kutembea mbali kwa baiskeli pamoja na marafiki, bila kazi wala biashara, ni jambo lenye tarehe. Mwaka 1878, katika mji wa Harrogate huko Uingereza, wapenda baiskeli waliunda chama ambacho tangu 1883 kiliitwa Cyclists' Touring Club. Baiskeli ya wakati ule ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele na dogo nyuma. Ukianguka, unaanguka toka juu. Mtu yeyote aliyewahi kupanga safari ya kundi ataelewa kazi waliyofanya. Walipatana na wenye hoteli ili mwanachama alale kwa bei nzuri. Waliweka mjumbe wao katika miji, wa kumwambia mgeni barabara iko namna gani. Kwenye miteremko mikali walisimika vibao: angalia, hapa ni hatari. Wafaransa wakafuata mwaka 1890 na Touring Club de France. Kufika 1899, chama cha Waingereza kilikuwa na watu zaidi ya 60,000.

Mambo mawili yaliwaongeza hivyo. Mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry alitoa baiskeli ya Rover, yenye magurudumu karibu sawa na mnyororo, mama ya kinga zote tunazopanda leo. Halafu mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo, Mskoti aliyekaa Belfast, alifunga mpira wenye hewa kwenye kinga ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Kabla ya hapo mpira ulikuwa mgumu, bila hewa ndani, na barabara ya mawe uliisikia yote mgongoni. Mwaka 1891 Charles Terront alikwenda kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, karibu kilomita 1,200, kwa saa 71 na kidogo, juu ya mipira ya hewa ya Michelin. Watu wakaamini. Kila mtu akautaka.

Sasa, mpira wenyewe ulitoka wapi? Hapa njo historia inaingia mu nyumba yetu.

Tuseme kweli: sehemu kubwa ilitoka Brazil. Lakini huku kwetu kulikuwa na dola ya Leopold II, iliyokuwa na madeni mengi, na pori lililojaa mitambaazi yenye utomvu wa mpira. Kupanda mashamba kunaomba miaka. Mitambaazi ilikuwepo tayari. Kilichokosekana ni watu wa kuipanda na kuikata, na watu hao walipatikana kwa bunduki. Kampuni ya ABIR ilishika bonde la Maringa na Lopori, Anversoise ikashika Mongala. Kijiji kilipewa kilo za kuleta. Wanawake walifungwa mpaka waume zao warudi na mpira kutoka porini. Askari alidaiwa maelezo ya kila risasi, na maelezo hayo mara nyingi yalikuwa mkono uliokatwa. Mwaka 1890 ilisafirishwa kama tani 100 za mpira. Mwaka 1901, karibu tani 6,000. Ripoti ya Roger Casement ilitoka 1904, na mwaka 1908 Ubelgiji ikamnyang'anya mfalme koloni lake.

(Katanga haikuwa nchi ya mpira, kwetu balifuata shaba. Hiyo ni essai ingine, na msinianzishe.)

Sisemi kwamba karani wa London, aliyetoka siku ya mungu na marafiki zake watano kwenda kunywa chai kijijini, alijua habari za Mongala. Wengi hawakujua. Ninasema tu kwamba kalenda ni moja. Miaka ile ambayo wao walipata raha ya barabara, njo miaka ambayo vijiji vya Équateur vilikimbilia porini.

Na baiskeli yenyewe ilipofika kwetu, ilikuja kama chombo cha kazi, na kazi hiyo haijaisha. Wakati wa vita ya 1998, mto ulipofungwa kati ya Kinshasa na Kisangani, ni baiskeli zilizoingiza bidhaa Kisangani kwa njia za pori, na mjini toleka zikabeba watu. Kule Kasai watu wanasukuma mabidoni ya mafuta ya ngazi siku na siku, muzigo wa kilo 200 kwa kinga moja. Wanatembea kwa makundi, na kundi lina sheria zake: mukifika kwenye mulima, wawili wanaacha kinga zao chini, wanakuja kukusukumia yako, kiisha wote munarudia kuchukua ya pili. Sasa niambieni, hicho si chama? Hakina kadi wala hoteli, lakini kazi ya Harrogate yote iko mule ndani. Vitabu vya historia ya baiskeli havikihesabu.

Sisi wenyewe tulikipima siku ile. Tulikuwa tumepanga kila kitu kwenye simu wiki tatu: saa ya kutoka, nani analeta maji, nani anapiga picha. Kabla ya Luisha mpira wa mwenzetu ukapasuka, na katika watu saba wenye diploma hakuna aliyekumbuka gundi. Aliyetusaidia ni yaya mmoja aliyekuwa akishuka na makala kwenda Lubumbashi, magunia matatu yamefungwa, fimbo imeegemezwa nyuma. Alitoa kipande cha mpira wa zamani mfukoni, akakwangua, akapaka, akabana kwa vidole huku akitusimulia habari za makamio ya mine. Dakika kumi. Pesa alikataa, akakubali ndizi mbili.

Nilipomwona akishika kile kipande cha mpira, nilikumbuka tani zile 6,000. Sikumwambia kitu. Angeniona nimepigwa na jua.

Safari ijayo ni Kolwezi, mwezi wa saba, hakuna mvua. Ni kama kilomita 300, tutazigawa kwa siku tatu. Nilimuuliza yule yaya saa gani makamio yanakuwa kidogo, akasema kutoka saa kumi ya usiku mpaka jua kutokea. Basi tutatoka saa kumi, kila mtu na taa yake. Anayetaka aandike jina hapa chini, na gundi safari hii nitaibeba mimi mwenyewe.