Rangi nyeusi katika ukarabati wa magari ya kale

Rangi nyeusi ya magari ya kale si moja. Hutofautiana kwa viungo, kwa mng'ao na kwa weusi wenyewe, na gari moja huweza kubeba aina tatu au nne: ya bodi, ya chasisi, ya injini na ya vifaa vidogo vya chini ya boneti.

Mfano mashuhuri ni Ford Model T, iliyotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927. Wengi huamini ilikuwa nyeusi siku zote, lakini magari ya mwanzo yalitoka kiwandani yakiwa ya kijani, mekundu au ya kijivu. Nyeusi ilibaki peke yake kuanzia 1914 hadi 1925, kisha rangi nyingine zikarudi. Weusi huo ulitokana na lami ya asili iliyochanganywa na mafuta ya kitani. Madigadi na sehemu nyingine za chuma tupu zilipakwa kisha zikaokwa kwenye tanuri. Bodi, yenye fremu ya mbao ndani, haikustahimili joto hilo, hivyo ilipakwa rangi ya namna nyingine. Kwa hiyo hata Model T mpya haikuwa na weusi wa aina moja.

Katika miaka ya 1920 ilifuata laka ya nitroselulosi, hasa Duco ya kampuni ya DuPont, iliyokauka kwa saa badala ya siku nyingi. Laka hii bado hupendwa na wakarabati kwa mng'ao wake mpole unaopatikana kwa kusugua, ingawa hupasuka ikirundikwa tabaka nene. Isipulizwe juu ya enameli: thina yake kali huikunja enameli iliyo chini. Rangi za kisasa za kuchanganya na hadina hudumu zaidi, ila hung'aa kama zimeloa, mng'ao ambao gari la 1930 halikuwa nao. Hadina nyingi huwa na isosianati, kemikali inayoweza kusababisha pumu. Mpulizaji huhitaji barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira.

Weusi wa laka na wa rangi za kisasa hutoka kwenye kaboni, ndugu ya masizi. Chembe ndogo sana hutoa weusi tii unaoegemea bluu. Kubwa zaidi huegemea kahawia. Tofauti hiyo huonekana juani, vipande viwili vikiwekwa bega kwa bega.

Kosa la kawaida zaidi, hata hivyo, huwa kwenye mng'ao: chasisi hung'arishwa kupita ilivyotoka kiwandani. Nusu mng'ao hupatikana kwa kuongeza dawa ya kufifisha, ambayo aghalabu ni unga wa silika. Chembe zake huparuza uso wa rangi kidogo sana na kutawanya mwanga. Kwa kuwa hutuama chini ya kopo, rangi hukorogwa vizuri kabla ya kupulizwa, na nusu ya kwanza ya kopo lisilokorogwa hung'aa kuliko ya mwisho. Dawa, rangi na hadina hutoka kwa mtengenezaji mmoja na hupimwa kwa uwiano wake. Jaribio hupulizwa kwanza kwenye kipande cha bati na kuachwa kikauke kabisa, kwani rangi mbichi hung'aa kuliko iliyokauka.

Bodi nyeusi inayong'aa hufichua kila bonde la putti, hivyo msasa hupigwa kwa kibao kirefu. Ikichubuka, husuguliwa na kutiwa polishi. Rangi ya nusu mng'ao haikubali polishi, maana kila inaposuguliwa hung'aa mahali hapo. Sehemu iliyoharibika hupulizwa upya yote.